Pete Iliyombana Esnath

Asubuhi ya Ijumaa, kesho yake ikiwa ndoa, Esnath aliivua pete kwa sabuni. Kidole kilibaki na alama ya kijani. Pete aliyoambiwa imetengenezwa kwa hereni za dhahabu za marehemu mama yake Hezron, mchumba wake, ilikuwa shaba tupu.

Kufikia saa nne, watu walikuwa wamekizunguka kibanda cha Maulidi, sonara wa soko la Tukuyu. Hezron alikuwa amemkamata mzee ukosi wa kanzu.

"Dhahabu ya mama umeipeleka wapi, mwizi wewe?"

"Kamnunulia ya bandia kutoka Dubai!" mtu alidakia. "Siku hizi biashara huria, zimejaa kila meza."

"Apelekwe polisi!"

Bibi Elina, aliyemlea Esnath, alijipenyeza, miguu imejaa tope la kijijini Lufingo. Moyo haukumtulia. Mzee huyu ndiye aliyemsogezea mjukuu wake jiko la mkaa mwezi wa tisa, siku walipokuja kupima kidole. Mtu wa namna hiyo aibe?

"Mume wangu," alimtania Hezron, "mwachie kanzu. Kesho unaoa, hupigani ndondi." Kisha akamgeukia Maulidi. "Pete hii ni kazi yako?"

"Si yangu, bibi. Yangu niliikunja, nikaichomelea. Hii imemiminwa, haina alama ya kuungwa."

"Angesema nini kingine?" Hezron alifoka.

"Na wewe ulikaa nayo siku ngapi?" Elina alimwuliza.

"Usiku mmoja tu! Mdogo wangu Asajile aliichukua hapa Jumatano, akaniletea. Jana nikampa Esnath. Bibi, unanishuku mimi?"

"Nauliza tu. Esnath, ilikukaaje?"

"Ilinibana, bibi. Nikadhani nimenenepa."

Elina alimgeukia tena sonara.

"Maulidi, kwa nini ulituita tuje kupima upya?"

"Uzi wa kipimo cha kidole mlioniletea ulipimwa alfajiri ya Julai. Kwa baridi ya huku kidole husinyaa. Nilitaka binti aote moto kwanza."

"Basi pete yako isingembana. Aliyenunua hii alikwenda dukani na ule uzi wa Julai. Uko wapi?"

"Nilimrudishia aliyeuleta."

Macho ya waliobaki yalimwendea Asajile, aliyekuwa ameuleta uzi ule. Alirudi nyuma, akakwama kwenye meza ya mitumba.

"Baba," Elina alimwambia taratibu, "mama yako alipougua, nilikuona ukimlisha uji na kumfulia. Sema tu."

Kijana aliingiza mkono ndani ya ukosi wa shati, akatoa kamba yenye pete inayong'aa.

"Sikuiuza," alisema huku akiivua kamba. "Hereni zote mbili baba alimpa kaka. Kaka alikuwa Mbeya, hata mazishi alichelewa. Mimi nimebaki na nini cha mama?"

Hezron aliipokea pete, akamshika mdogo wake bega.

"Twende nyumbani. Tutayazungumza."

"Na mzee huyu?" Elina aliuliza.

"Nisamehe, mzee," Hezron alisema kwa sauti ya chini.

"Ulinitukana kwa sauti hiyo?" Maulidi aliuliza.

Hezron aligeuka. Wengi walikuwa wameshatawanyika kabla Asajile hajakiri, wako kwenye meza za ndizi na magimbi, wengine wakipanda gari la kwenda Mpuguso, wameondoka na neno mwizi midomoni. Alianza kukimbia, Asajile nyuma yake.

"Jamani, Maulidi si mwizi! Ngojeni! Si mwizi!"

Gari liliwasha injini. Maulidi alisimama mlangoni, mkono kwenye komeo, akisikiliza sauti ile inafika wapi.