Matairi ya Lami ya Mwalimu Felista

Jumamosi hiyo ya mwaka 1994 baiskeli za mitumba zilikuwa zimeshushwa soko la Morogoro, na watu walizigombania kama zinagawiwa bure. Mwalimu Felista alikuwa ameshapata yake: baiskeli ya milimani, nyekundu, gia ishirini na moja, matairi mapana yenye kashata, yale meno manene ya mpira. Alivaa sketi ya marinda rangi ya samli na raba nyeupe, akaisukuma katikati ya watu kwa maringo yote, mpaka gurudumu la mbele likapanda juu ya kisanduku cha spana.

"Samahani, fundi!"

"Samahani ya nini? Trekta likipita, sisi wa miguu tunakaa pembeni."

Aliyejibu alikuwa Elia, fundi baiskeli, kijana mwenye mabega mapana ndani ya ovaroli iliyopauka na tabasamu la mtu anayejua kwamba analo tabasamu zuri.

"Trekta? Macho yako mabovu."

"Unakwenda nalo wapi, dada?"

"Kingolwira, kufundisha. Kila siku, kwenda na kurudi."

"Kwa lami yote hiyo? Kashata hizo zitakula mapaja yako, mwalimu."

"Mapaja yangu yanakuhusu nini?"

Wauza nyanya waliangua kicheko. Felista aliondoka amenuna, lakini njiani alijikuta anatabasamu peke yake.

Wiki mbili zilitosha kumnyoosha. Matairi yaliunguruma juu ya lami, miguu ikawaka moto, akachelewa shule mara tatu. Mwalimu mkuu akamwambia kwamba mara ya nne ni barua ya onyo. Jumamosi akarudi kwa Elia, kichwa chini.

"Sema tu. Najua unataka kusema."

"Sisemi kitu, mama," alisema Elia, na kweli hakumcheka. Alitoa kwenye gunia matairi mawili meusi, membamba kidogo, laini kama kiganja. "Haya ni ya lami. Kashata ni za kung'ata tope. Lami haing'atwi, inalaliwa. Yajaze upepo hasa, utaniambia."

Kabla ya kuyafunga alichukua wembe, akanyoa vinywele vyote vya mpira ambavyo tairi jipya hutoka navyo kiwandani. Hakuna mteja aliyewahi kufanyiwa hivyo. Alitaka ya huyu yang'ae.

"Na yangu ya zamani?"

"Yamekwenda likizo."

Jumatatu Felista alifika shuleni kabla hata ya mwalimu mkuu. Jioni simu ililia kwa mwenye nyumba wake, Mama Josephina.

"Enhe, trekta linasemaje?" Elia alikuwa anapiga kutoka duka la Salum, na Salum alikuwa anasikiliza bila aibu.

"Limeota mabawa. Asante, fundi."

"Fundi tu?"

"Asante, Elia."

"Hapo sawa. Nilale sasa."

"Saa moja hii?"

"Niwahi kukuota, mpenzi."

Mama Josephina alikohoa. Felista alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa amependa, na hakuwa na haja ya kujidanganya. Miezi miwili baadaye Elia alisema anataka kubisha hodi kwao Felista kuposa, na hodi yenye uzito kwao ilikuwa moja tu. Baba yake angeweza kukubali mara kumi. Neno lingebaki la Mjomba Agustino, kaka wa mama yake, mkulima wa kabichi huko kwao mlimani, juu ya Bigwa.

Felista alipanda kumpelekea habari siku ya mvua. Njia ya udongo ilimkataa: gurudumu la nyuma liliteleza, akaanguka ubavu, akafika uani na sketi imejaa tope.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani kakuangusha?" Mzee alipitisha kiganja juu ya tairi. Kwa miaka thelathini alikuwa ameteremsha kabichi kwa baiskeli, na kwake tairi lisilo na kashata lilikuwa tairi lililokwisha. "Kipara hiki! Baiskeli uliinunua na haya?"

"Hapana. Elia alinibadilishia."

"Ya kwako yako wapi?"

Felista alikumbuka jibu la Elia: yamekwenda likizo. Na kwa ule wembe, alikuwa anafuta dalili gani za uchakavu?

"Kayauza, mwanangu. Mtu huyo asikanyage hapa."

Felista aliiacha baiskeli palepale, akateremka kwa miguu huku analia. Elia alipopiga simu, alimwuliza neno moja.

"Matairi yangu umeyauza? Nimeanguka, na mjomba kaona uliyonifungia ni vipara."

"Felista, nisikilize..."

Alikata. Wiki nzima alipanda basi kwenda Kingolwira, na wiki nzima Mama Josephina alijibu simu kwamba hayupo.

Jumapili baada ya misa, Felista akiwa uani kwa mjomba anachambua mboga, Elia alitokea njiani. Shati jeupe, suruali imekunjwa magotini, na matairi mawili yenye kashata yananing'inia begani. Kwenye kila tairi kilikuwa kimefungwa kipande cha boksi: *Mwl. Felista. Hayauzwi.*

"Shikamoo, mzee."

Mjomba hakuitikia. Elia hakubabaika. Aliigeuza baiskeli ya Felista, akavua tairi laini, akamwekea mzee mikononi. "Libonye. Kisha libonye la baiskeli yako."

Mzee alibonya moja, akabonya jingine, akarudia. Lake lilibonyea kama kitambaa, nyuzi zimetokeza kwenye nyufa. Lile laini lilikuwa nene, mpira wake mzima. "Marahaba," alisema hatimaye.

"Hata hivyo nina kosa," alisema Elia, sasa akimtazama Felista. "Nilikuuliza unafanya kazi wapi, sikukuuliza kwenu ni wapi. Ukaanguka kwa ajili hiyo. Niruhusu: Ijumaa jioni nikufungie ya kashata upate kupanda kwenu, Jumapili jioni nikurudishie ya lami."

"Kila wiki?"

"Kila wiki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uwe mke wangu. Halafu tuendelee."

Felista alimtazama mjomba. Mzee alikuwa ameshalivua tairi lake la nyuma, anamnyooshea Elia.

"Lete wazee wako," alisema. "Na hili nalo lishughulikie."

"Na wewe, mwalimu?" aliuliza Elia. "Hujajibu."

Felista alipiga magoti kwenye tope na sketi yake ya kanisani, akashika gurudumu kwa mikono miwili.

"Funga ya kashata," alisema. "Tunashuka wote."