Tairi Lenye Mkato

Jua lilikuwa linazama kaka mtu alipowasha gari kwenda kuchukua hema walilolisahau wageni kule juu, kwenye genge la kutazamia mabonde. Alikwenda akipiga mluzi. Kesho mdogo wake ndiye angepanda njia hii, na mganga alikwisha sema kazi yake imekamilika.

Wivu ulikuwa umemla mpaka mifupa. Wote wawili walikuwa madereva wa kupeleka wageni milimani, lakini kila mgeni alimtaka mdogo mtu. Eti ndiye anayejua njia nzuri. Nani alimfundisha kushika usukani? Basi Jumatatu, gari la mdogo wake lilipotoka tu gereji, aliinama akakwangua udongo uliokanyagwa na tairi lake, lile lenye mkato wa pembe tatu, akaufunga kwenye kitambaa na kumpelekea mganga.

"Tairi lenye alama hii, njia italiita," mganga alinong'ona. "Litapanda. Halitashuka."

Mawe yalianza kugonga chini ya gari. Akaweka gea nzito. Gari likapanda kwa wepesi wa ajabu, bila kuteleza hata kidogo. Kisha akasikia harufu... ya kitambaa kinachoungua.

Redio ya mawasiliano ya gari ikakoroma. Alikuwa mdogo wake, yuko nyumbani.

"Kaka, unaonaje matairi? Nimekufungia yangu mchana ulipolala. Yako yalikuwa kipara, na wewe unavyokimbiza gari kama umeiba!"

Kaka mtu alikanyaga breki.

Alishuka na tochi. Nyuma ya gari, kwenye vumbi, mkato wa pembe tatu. Mwingine... na mwingine... Wivu ukamchoma hata hapo: kumbe hata kwa wema mdogo wake amemzidi.

Akamulika mbele, ambako hakuwa amefika bado.

Mkato ulikuwepo.

Alirukia ndani, akageuza gari. Taa zikamulika njia ile aliyopandia. Ilikuwa inapanda. Akageuza tena. Inapanda. Akazima injini.

Gari likaendelea kupanda.

Mlango ulikataa kufunguka.

"Kaka, mbona kimya? Nije nikufuate?"

"Usije!" Alivuta kitasa tena. "Mdogo wangu... nisamehe."

"Nikusamehe nini, kaka?" Redio ilikoroma kidogo. "Na huyo uliyempakia anacheka nini?"