Neno Lililokaririwa Baada ya Sala

Mama Bilonda hushona kombinezoni, yaani ovaroli za wafanyakazi wa migodi. Karakana yake iko Manika, mjini Kolwezi. Ndani mna cherehani tatu. Mbili ni mpya. Ya tatu ni kuukuu, nyeusi, ya kukanyaga kwa mguu. Hiyo haruhusu mtu mwingine aiguse.

Bintiye, Mbombo, hukata vitambaa. Mwanawe, Beya, hupeleka mizigo hadi migodini Tenke. Fedha za kazi hukaa benki, na Mbombo huwalipa wauza vitambaa kwa simu ya karakana.

Familia hii ilikuwa na desturi yake. Kila Jumapili jioni, baada ya sala, Mama aliuliza, "Neno ya banki?" Watoto wake walilitaja pamoja neno la siri la akaunti, herufi kwa herufi, namba kwa namba. Kisha wote wakala.

Desturi ile haikuzuka bure. Mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai kama wao walipofukuzwa jimbo la Katanga, Kolwezi ikiwemo, Mama Bilonda na mumewe, Tshilombo, walipanda gari moshi na watoto wawili wachanga. Tshilombo alifariki njiani. Yeye peke yake ndiye aliyejua mahali alipoiweka akiba yao, na akiba ile haikuonekana tena. Mjane alirudi Kolwezi baada ya miaka kumi. Akaapa kwamba siri ya riziki yao haitazikwa tena pamoja na mtu mmoja.

Jumanne moja Mama alikwenda sokoni kutafuta uzi. Simu ya karakana ikalia. Mbombo akaipokea.

"Mama, ni banki," alisema mwanamume mwenye sauti ya upole. "Kuna mutu anataka kubeba feza yenu sasa hivi. Munipe neno yenu ya kuingilia, tumufungie njia. Mbio, mama!"

Mbombo alimwamini. Alilitaja neno lote, kama alivyolitaja kila Jumapili. Mara ukaingia ujumbe wenye namba sita. Akamsomea nazo.

"Aksanti, mama. Feza yenu imepona," mtu yule alisema, akakata simu.

Haikupona. Ujumbe wa pili ulieleza kwamba dola elfu moja na mia tisa zimetoka. Zilibaki elfu sita, nazo zilikuwa za kununulia kitambaa cha kombinezoni mia nne. Zingetoka hizo pia, karakana ingefungwa.

Mbombo alikimbilia kwa jirani yao, Kabemba, mfanyakazi wa benki hiyo. Siku hiyo alikuwa nyumbani, yuko likizoni.

"Kadi ya banki iko wapi?" Kabemba aliuliza. "Piga namba ya nyuma ya kadi. Ile iliyokupigia, usiiguse!"

Mbombo alipiga. Akaunti ikazuiwa papo hapo, na zile elfu sita zikasalimika. Wakaenda benki na kitambulisho, kisha polisi kuandikisha mashtaka.

Jioni, Mama alimkuta binti yake akilia juu ya meza ya kukatia.

"Mama, nilizani kutaja neno njo kuokoa feza," Mbombo alisema.

"Nyamaza, mama yangu. Mi njo nilikufundisha vile."

Kabemba aliketi kati yao. "Banki haiulizi neno ya siri hata siku moja," alisema. "Haiulizi namba za mu mesaji. Mutu akikuambia 'mbio, mbio', ujue ni mwizi. Anaogopa utafikiri."

"Weye unasema vile sababu haukupanda ile treni!" Mama alijibu kwa ukali. "Nikikufa kesho? Na kama banatufukuza tena? Batoto batafanya nini na siri yangu?"

Kabemba ni mwenyeji wa Katanga. Jamaa zake hawakufukuzwa. Aliitazama ile cherehani nyeusi.

"Mama, ile mashini, siku ya kwenda, ulimuachia nani?"

"Tata yako, Mbayo," Mama alisema, akimtaja baba wa Kabemba. "Aliificha chini ya makala ya kupikia miaka kumi. Unajua."

"Ulimupa yee peke, ao ulitangaza mu avenyu yote?"

"We mutoto! Ningetangaza, ingepona?"

"Na uso yake uliiona?"

"Niliiona. Alikuwa analia kupita mi."

"Ule wa telefone, Mbombo aliona uso yake?"

Mama alitaka kukasirika, akacheka. "Tata yako kabisa! Hata kusumbua munasumbua namna moja."

Ndipo Kabemba alipowaeleza njia iliyo salama. Kila mtu awe na mlango wake wa kuingilia kwenye akaunti na neno lake, asilolijua mwingine. Mbombo atayarishe malipo. Fedha zisitoke mpaka Mama akubali kwenye simu yake mwenyewe. Kiasi cha kutoka kwa siku kiwekewe mpaka. Nao watoto waandikishwe benki kuwa wenye kutia saini. Mama akikosekana, benki itawatambua kwa vitambulisho vyao.

"Hata mi nikikuuliza neno yako, unifukuze," Kabemba aliongeza.

"Nikufukuze? Weye?"

"Na ufagio."

Kesho yake walifanya hayo yote. Zile dola elfu moja na mia tisa hazikurudi. Lakini kitambaa kilinunuliwa, na baada ya wiki tano Beya alifikisha kombinezoni mia nne Tenke. Malipo yakaingia kamili. Mama akamshukuru Mwenyezi Mungu, akamwalika Kabemba kula nao Jumapili.

Sala ilikuwa imekwisha na bukari, ugali wa huko, imetengwa, simu ya Mama ilipolia.

"Mama Bilonda? Ni banki. Kabemba njo amenituma. Munipe mbio namba..."

Mama alimtazama Kabemba, aliyekuwa na tonge mkononi.

"Kabemba amekutuma? Aya, tata. Ukimuona, umusalimie."

Akakata simu, akampa Kabemba namba iliyompigia aipeleke benki. Kisha akawageukia watoto wake.

"Neno ya banki?"

Beya akatazama sahani yake. Mbombo akafumba midomo. Hakuna aliyejibu.

"Muzuri," Mama alisema. "Tukule."