Paa Lililoelemewa

Paulina aliishi katika kijiji kimoja karibu na Hombolo. Aliishi na mumewe Seth, binti yao Ruthu, na mama mkwe wake, Bibi Tabu. Nyumba yao ilikuwa tembe. Kuta zake zilikuwa za miti na udongo. Paa lake nalo lilikuwa la udongo, tena bapa, kiasi kwamba Paulina aliweza kuanika mboga juu yake. Aliyeijenga ni marehemu baba yake Seth.

Asubuhi Paulina alisaga uwele. Seth alikwenda kwenye shamba lake la zabibu. Bibi Tabu alikaa mlangoni akichambua mlenda, huku Ruthu akimchosha kwa maswali. Mchana walikula pamoja. Hawakuwa na makuu, na hawakuyatafuta.

Kisha ukaingia mwezi wa kwanza wa mwaka 1998. Dodoma si nchi ya mvua nyingi, lakini mwaka ule mvua ilinyesha kana kwamba imepotea njia. Redioni waliiita El Nino. Mabonde yalijaa, na njia ya kwenda kisimani ikawa mto.

Siku moja walipokuwa wanakula, tone la maji lilimwangukia Ruthu shingoni. Likafuata jingine. Seth aliacha tonge lake, akachukua jembe na karai. Alipanda juu ya paa, akamwaga udongo mahali palipovuja, akaushindilia kwa miguu.

"Kila mwaka baba alifanya hivi," alisema aliposhuka. "Udongo unaziba udongo."

Kweli paa liliacha kuvuja. Lakini kesho yake maji yalianza kudondoka juu ya kitanda. Seth akapandisha udongo tena. Kesho kutwa yake yakadondoka karibu na kilindo, lile pipa kubwa la magome ya mti walimohifadhi uwele wao. Seth akapandisha udongo mwingine, mara hii mwingi zaidi.

Paulina alikuwa akifagia ndani. Aliona mchanga ukichuruzika kutoka darini, mahali ambapo hapakuwa na maji. Akaitazama nguzo ya katikati.

"Baba Ruthu, hii nguzo ilikuwa imesimama hivi?"

Seth aliiangalia. "Nguzo ya siku nyingi hiyo. Mzee lazima ainame kidogo."

"Usiniseme mimi," Bibi Tabu alisema, nao wakacheka. Paulina pia alicheka. Lakini usiku ule hakulala vizuri.

Alasiri ya siku iliyofuata walipata mgeni. Alikuwa Dorothea, bibi maendeleo wa kata. Kwao ni Songea, lakini alikuwa amekaa Hombolo miaka mingi, hata Kigogo alikielewa. Alikuja kuzungumza na Paulina habari za kikundi cha akina mama, mvua ikamkuta njiani.

"Shikamoo mama," alimsalimu Bibi Tabu.

"Marahaba mwanangu. Ingia, usilowe."

Dorothea aliingia, lakini hakukaa. Alisikiliza maji yakidondoka ndani ya sufuria. Akatazama juu, kisha akaitazama nguzo. Alichukua mwiko mkubwa wa Paulina na kuigonga nguzo ile karibu na chini. Ilitoa sauti ya kitu kitupu, kama kibuyu.

"Mchwa," alisema. "Wamekula ndani, wakaacha ganda. Shemeji, huko juu umeongeza udongo?"

"Nimeongeza," alisema Seth. "Si linavuja?"

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana pia. Na mwaka juzi. Ndivyo tunavyofanya."

"Na ule wa zamani mliupunguza?"

"Hapana. Tulimwaga juu yake."

"Basi paa limeelemewa," Dorothea alisema kwa upole. "Udongo mkavu una uzito wake. Ukinywa maji unazidi kuwa mzito. Na hizi nguzo hazina nguvu tena. Kuvuja si hatari kubwa. Hatari ni paa kuanguka. Tutoke sasa hivi. Na mtu asipande tena juu mvua ikinyesha."

Paulina hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alimbeba Ruthu mgongoni. Lakini Bibi Tabu hakuinuka.

"Watoto wangu wote nimewazalia humu," alisema. "Nikaishi wapi?"

Paulina akapiga magoti mbele ya mkwewe.

"Mama, Ruthu hatalala bila wewe. Unamjua. Twende kwa Matonya, kesho tutaona."

Bibi Tabu alimwangalia mjukuu wake. Kisha akanyoosha mkono ili ainuliwe.

Kilindo kilikuwa karibu na mlango. Seth na Paulina walikiburuta haraka hadi kwenye kibanda cha jikoni. Kisha wote wakaenda kwa Matonya, jirani yao. Walipokuwa wanakunywa uji wa moto, Seth alikumbuka blanketi.

"Nakwenda kulichukua mara moja," alisema.

Paulina alimshika mkono. "Liache."

"Ni hapo tu, mama Ruthu."

"Nimesema liache."

Hakuwa na desturi ya kusema naye hivyo. Seth akakaa. Hawajamaliza uji, wakasikia kishindo kizito. Matonya alifungua mlango. Upande mmoja wa tembe lao ulikuwa umebonyea. Boriti ilikuwa imekatika, na udongo umeangukia kitanda cha Ruthu.

Seth aliinama, akamchukua binti yake kutoka mikononi mwa Paulina, akampakata mpaka giza lilipoingia.

Mvua ilipotulia, wakaanza kazi. Majirani walikuja kusaidia, na Paulina akawapikia. Dorothea naye alikuja, amefunga kanga kiunoni.

"Kwanza udongo wote wa zamani ushuke," alisema. "Kisha tuzigonge nguzo zote, moja moja."

Zilizolia kama kibuyu walizing'oa. Seth alikata nyingine za mti mgumu. Dorothea aliomba oili chafu kwa mwenye mashine ya kusaga. Walizipaka nguzo oili hiyo sehemu ya chini, kwa sababu mchwa hawaipendi. Kila nguzo waliisimamisha juu ya jiwe bapa ndani ya shimo. Waliweka boriti na fito, na juu yake nyasi.

"Sasa nailoni," alisema Dorothea.

Siku hizo nailoni ilikuwa imejaa madukani Majengo, mjini Dodoma. Seth alikuwa amenunua pande kubwa. Waliitandaza juu ya nyasi, isitoboke.

Seth akaleta udongo wa kwanza kutoka njiani. Bibi Tabu aliukamata, akautia maji, akauviringisha mkononi. Ukasambaratika.

"Huu ni mchanga," alisema. "Nendeni kwenye kichuguu. Na mchanganye na pumba za uwele, usipasuke jua likiwaka."

Dorothea alicheka. "Hilo mimi sikulijua, mama."

Udongo wa kichuguu waliuweka wa kimo cha shubiri moja tu. Waliuinamisha kidogo kuelekea nyuma, maji yasituame. Kwenye ukingo waliweka mifereji ya debe kuukuu, ili maji yaanguke mbali na ukuta.

"Kila mwaka kabla ya mvua," Dorothea alimwambia Seth, "kwanza kwangua, ndipo uongeze. Na nguzo uzigonge."

Mwezi wa tatu mvua kubwa ilirudi. Ilianza asubuhi, ikanyesha mpaka jioni. Ndani ya tembe sakafu ilikuwa kavu. Kitanda kilikuwa kikavu. Uwele ulikuwa salama ndani ya kilindo. Matonya alikuja amejifunika gunia kuuliza walivyofanya. Seth alimweleza yote, na wakakubaliana kuanza kwa Matonya mvua ikikoma.

Mgeni alipoondoka, walikula ugali wao polepole, bila kuinuka inuka. Bibi Tabu alikuwa tayari anasinzia, Ruthu amelala mapajani pake.

"Mwakani tutaezeka mabati?" Paulina aliuliza.

Seth alisikiliza mvua ikipiga juu yao.

"Mabati yatakuja," alisema. "Yakija yatukute wote tupo."