Kurasa Ambazo Flaviana Hakuzisoma

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Flaviana aliokota barua zilizoangushwa mlangoni mwa nyumba yao huko Hjulsta, nchini Uswidi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake, Kasiani, alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee, na Kiswidi cha barua kilimshinda, hivyo binti ndiye aliyemsomea.

"Wakili wangu," alizoea kusema akivua viatu, "leo nani ametushtaki?"

Siku moja Baba hakutania. Aliitambua bahasha ya kutoka Uhispania. Mwaka uliopita, wakiwa likizoni huko, aliuziwa haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika nyumba ya mapumziko, maisha yake yote. Kumbe kulikuwa na ada ya kila mwaka, waende wasiende. Nauli ya kwenda Bukoba kumwona Bibi, mama yake Baba, aliyekuwa mgonjwa, iliishia huko.

Baba aliwaandikia wauzaji barua mbili kulalamikia ada, asijibiwe. Alitangaza kuiuza haki ile, asipate mnunuzi. Mwishowe alitaka kuigawa bure kanisani.

"Kaka Kasiani," Deo, muumini mwenzake, alimcheka mbele ya watu, "zawadi gani hiyo inayokuja na deni lake?"

Jumatatu baba na binti walikwenda kwa Mama Felicia, Mtanzania aliyewashauri wanunuzi katika ofisi moja mjini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Bwana Kasiani, kabla ya kutia sahihi ulielezwa masharti yote?"

"Yote!" Baba alijibu kwa fahari. "Mkataba ulikuwa wa Kiswidi, na binti yangu huyu alinisomea neno kwa neno."

Mama Felicia alifunga faili la mkataba taratibu. "Basi ulikuwa na siku kumi na nne za kujitoa, nazo zimepita. Sioni njia."

Flaviana alinong'ona kitu kwa Kiswidi.

"Sema Kiswahili," Baba alimwambia. "Sijakusikia."

Kwa Kiswahili ilikuwa vigumu zaidi. "Sikusoma yote, Baba. Nilisoma kurasa mbili. Nyingine sikuzielewa, na wenzangu walikuwa wananiita bwawani. Nikakuambia ni maneno ya kawaida tu."

Baba aliinamisha kichwa. "Mwaka mzima nimekusifu kwa watu," alisema.

Mama Felicia alifungua faili tena. "Kama hazikusomwa, tuzisome sasa." Alipekua ukurasa mmoja mmoja hadi wa mwisho. "Fomu ya kujitoa iko wapi? Walipaswa kuwapa." Haikuwamo. "Bila fomu hiyo, muda ni mwaka mmoja na siku kumi na nne. Ulitia sahihi lini?"

"Tarehe ishirini na nane Februari, mwaka jana."

Siku hiyo ilikuwa tarehe tatu Machi; zilibaki siku kumi na moja. Barua ya kujitoa ilipelekwa posta saa hiyo hiyo.

Mwezi wa tano mkataba ulivunjwa. Fedha walizokwisha kulipa hazikuwa zimerudi, wala nauli haikuwepo. Jumapili, kwenye simu, Bibi alimwita Baba kwa jina la marehemu kaka yake Baba. Baba aliitika hivyo hivyo.

Baba alipokata simu, Flaviana alikuwa analia.

"Keti hapa," Baba alisema. "Ungesema siku ile kwamba huelewi, nisingetia sahihi. Kutojua si aibu, mwanangu. Kuficha kwamba hujui ndiko kulikotuumiza. Nami nina kosa langu. Nilikutwika kazi ya mtu mzima, kisha nikajivunia. Kuanzia leo, usipoelewa, sema. Nami nitakuuliza mara mbili."