Papa Anaclet Achagua Tochi ya Kazi

Papa Anaclet huamka saa kumi na moja na nusu asubuhi. Huoga, hunywa chai, kisha hujitwika begi lake la kazi kwa heshima ya askofu anayevaa joho. Ndani ya begi mna simu ya kazi, glavu, mkate wenye siagi ya karanga, na Gavana.

Gavana ni tochi. Ana urefu wa mkono wa mtoto na uzito wa kilo moja na nusu. Papa Anaclet alimnunua sokoni Anderlecht, jijini Brussels, karibu na jengo anamoishi na mkewe, Maman Rolande, na binti yao, Abigaël. Kule Bukavu alikokulia, umeme ulipokatika, nyumba yenye tochi kubwa iliheshimiwa na mtaa mzima. Heshima hiyo Papa Anaclet hajaisahau. Boksi la Gavana liliandikwa: lumen laki moja. Lumen ni kipimo cha mwangaza. Hakuna aliyezihesabu, lakini pia hakuna aliyethubutu kubisha.

"Cent mille!" Papa Anaclet huwaambia wageni. "Hii ni tochi ya muntu mukubwa."

"Na begi ya muntu mwenye kuumwa mugongo," hujibu Maman Rolande.

Kazi ya Papa Anaclet ni kusoma mita za maji. Kila siku huingia nyumba arobaini. Mita nyingi ziko kwenye cave, yaani chumba cha chini ya nyumba. Humo mna giza, buibui, na baiskeli za watu waliohama zamani. Mkono mmoja hushika Gavana. Mkono wa pili huandika namba kwenye simu. Mkono wa kufungua kifuniko cha mita, Mungu hakumpa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya muda. Mwisho wa Novemba, mkuu wake, Madame Claudine, angeamua nani apewe mkataba wa kudumu. Papa Anaclet aliutaka mkataba huo kuliko kitu kingine chochote. Kwa miaka mitano alikuwa mtu wa wiki mbili mbili: mara jikoni kwa watu, mara kwenye ghala, mara nyumbani akisubiri simu.

Jumatatu moja alirudi nyumbani mapema. Hakuvua koti.

"Madame Claudine ameniita," alisema. "Nimekosea namba mara tatu. Pahali pa huit, nane, niliandika trois, tatu. Nikikosea tena, kontra hakuna."

"Lakini daktari wa macho alisema macho yako iko muzuri," Maman Rolande alisema.

"Papa, labda mita ndiyo ziko na shida ya macho," Abigaël alisema. Mama yake alimtazama, naye akakumbuka ghafla kwamba ana kazi ya shule chumbani.

Saa kumi na nusu jioni hiyo, lifti ya jengo ilikwama. Katika mwezi wa kumi na moja, saa hiyo jua la Brussels limeshaanza kuaga. Papa Anaclet alishuka kwa ngazi kwenda kununua mkate. Ghorofa ya nne alimkuta jirani yao, Hawa, mwenyeji wa Bujumbura. Hawa ni fundi wa lifti, na kampuni yake ndiyo inayotunza lifti ya jengo hilo. Siku hiyo alifika kazini bila kupanda metro.

Hawa alikuwa amefungua sanduku la nyaya. Tochi ndogo, kama kidole gumba, ilikuwa imejishika kwa sumaku kwenye mlango wa chuma. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya nyaya.

Papa Anaclet akamwonea huruma. Mama wa watu hana hata taa ya maana! Akamtoa Gavana, akamwasha.

"Yewe! Zima! Zima hilo jua!" Hawa alipiga kelele.

"Mimi nakusaidia, Maman Hawa!"

"Umenisaidia kuwa kipofu!"

Walikaa kwenye ngazi wakisubiri macho ya Hawa yarudi. Papa Anaclet aliomba msamaha, kisha akamweleza habari za mita, namba tatu na mkataba. Hawa alisikiliza hadi mwisho.

"Papa Anaclet, nyoosha mkono wenye saa," alisema. "Imulike na huyo Gavana wako. Haya, ni saa ngapi?"

Papa Anaclet alikaza macho. "Naona mwangaza."

"Sikuuliza mwangaza. Nimeuliza saa."

Hawa akachukua tochi yake ndogo. Akaiweka kwenye mwanga wa chini, akaimulika saa kutoka kando.

"Cinq heures moins dix," Papa Anaclet alisoma, yaani saa kumi na moja kasoro dakika kumi. "Eh! Hata mukwaruzo naona."

"Mita yako ina kioo kama saa hii. Ukikipiga mwanga mkali uso kwa uso, kioo kinakurudishia machoni. Hapo nane inaonekana tatu."

"Donc, macho yangu iko muzuri."

"Macho hayana kosa. Na huyu Gavana huzima saa ngapi?"

"Saa nane ya mchana," alikiri. "Kisha natumia taa ya simu. Simu nayo inazimika."

"Lazima! Anakula betri yote asubuhi. Na hizo lumen laki moja, aliyeziandika hajawahi kuingia kwenye cave yako. Usinunue namba kubwa. Tafuta palipoandikwa tochi itadumu saa ngapi kwa kila kiwango cha mwanga."

"Sasa ninunue gani? Moja tu, Maman Hawa. Sitaki kubeba duka."

"Moja inatosha. Nunua ile utakayokuwa nayo kila siku, hata kanisani. Iingie mfukoni. Iwe na mwanga wa chini wa kusomea, wa kati wa ngazi, na mkali wa kutafuta kitu. Mwanga wake uwe mpana. Ule mwembamba unaofika mbali ni wa mlinzi. Kitufe ukipate ukiwa umevaa glavu. Tena kiwe kinafungika, la sivyo itawaka yenyewe mfukoni. Ichajiwe kwa waya wa simu yako, kila jioni. Isiogope maji, maana cave zina maji. Na sumaku, upate mikono miwili."

"Nimeshika."

"Na usimulike watu machoni."

"Hiyo nimeshika mara mbili."

Jumamosi, Papa Anaclet na Maman Rolande walikwenda kwenye duka la vifaa. Muuzaji, Djibril, alileta tochi kubwa kama sufuria. Papa Anaclet aliikataa kwa upole. Alivaa glavu, akachukua tochi tatu ndogo na chupa ya kioo aliyotia karatasi ndogo yenye maandishi, akaomba afungiwe kwenye kabati la mafagio.

"Kabati?" Djibril aliuliza.

"Mufunge tu," alisema Maman Rolande. "Nyumbani tumezoea."

Wateja walisimama kutazama. Baada ya muda, sauti kutoka kabatini ilisoma, neno kwa neno, ile karatasi iliyokuwa ndani ya chupa. Mlango ulifunguliwa. Papa Anaclet alitoka na tochi ya pili mkononi, na utando wa buibui kichwani. "Ni hii," alisema.

Gavana hakutupwa. Alisafiri na mtu hadi Bukavu, kwa Bienfait, mdogo wake Papa Anaclet, ambaye hulinda ghala la mbao. Huko anafaa sana. Anamulika hadi ukuta wa mwisho.

Siku zilipita bila kosa. Alhamisi ya mwisho ya Novemba, Papa Anaclet aliingia nyumba ya bibi mmoja huko Saint-Josse. Bibi aliishi peke yake na paka. Lakini mita ilionyesha maji ya familia ya watu kumi. Zamani Papa Anaclet angejitilia shaka. Sasa alimulika tena kutoka kando, mwanga wa chini. Namba ilikuwa ileile. Akaiandika.

Kisha akamwomba bibi afunge mabomba yote. Chini ya kioo, kigurudumu kidogo kiliendelea kuzunguka. Maji yalikuwa yakienda mahali.

Aliongeza mwanga, akafuata bomba hadi nyuma ya rundo la maboksi. Akaibandika tochi kwenye bomba la chuma, akavuta maboksi kwa mikono miwili. Ukuta ulikuwa umelowa. Bomba lilikuwa limepasuka.

Bibi alimwita fundi bomba. Halafu akapiga simu ofisini.

Ijumaa, Madame Claudine alimwita Papa Anaclet.

"Ile namba ya Saint-Josse, nilidhani ni kosa lako la nne," alisema. "Nilikuwa namtuma mtu akasome upya. Ndipo bibi akapiga simu. Kumbe namba ilikuwa sawa, na ukaona hata kigurudumu. Uliona vipi?"

Papa Anaclet alimwonyesha kwa saa yake ya mkononi. Madame Claudine alitazama mara mbili. Kisha akasogeza mkataba wa kudumu. Papa Anaclet aliusoma wote, kurasa zote, pole pole. Akatia sahihi.

"Jumatatu, uwafundishe wenzako," Madame Claudine alisema.

Jumatatu, wasoma mita wanane walisimama kwenye korido. Taa zilizimwa. Juu ya meza palikuwa na mita kuukuu.

"Kwa kando," Papa Anaclet alimwambia wa kwanza. "Mwanga wa chini. Sasa soma."

Kijana alisoma namba zote bila kosa.

"Bon," alisema Papa Anaclet, huku akinyoosha kola ya koti lake. "Anayefuata."