Kufuli la Choo Kipya

Fundi mwashi alikuwa na choo kizuri kuliko vyote mtaani. Alikijenga kwa mikono yake mwenyewe. Sakafu ya saruji laini, mlango wa mbao, bati juu. Kisha, jamani, akakitia kufuli! Ufunguo akauvaa shingoni.

"Watoto watakichafua," alisema. "Hiki ni cha wageni."

Basi watoto wakawa wanajisaidia nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya mboga.

Kitindamimba wake aliitwa Kibonge. Zamani, fundi akirudi kutoka kazini, Kibonge alimkimbilia na kumpokonya mwiko wa kupigia lipu. Siku hizi alikaa tu mlangoni. Tumbo limevimba, mikono imekonda. Fundi akimtazama, roho inamuuma.

"Mke wangu, huyu hali?"

"Anakula kuliko wewe! Chakula sijui kinakwenda wapi."

Jirani yao alikuwa mhudumu wa afya. Aliwasindikiza hadi zahanati. Kibonge akapimwa, akakutwa na minyoo. Yeye na kaka zake wakapewa dawa.

"Alhamdulillahi, yamekwisha," fundi alisema walipofika nyumbani.

"Hayajaisha, shemeji," jirani alijibu. "Watoto wanajisaidia wapi?"

Fundi akashika ufunguo wake.

"Kwenye mboga!" Kibonge akadakia. "Choo ni cha wageni."

"Ala! Na wageni wangapi wamekitumia?"

"Mmoja," fundi alisema polepole. "Mama mkwe."

Jirani alicheka, kisha akakaa karibu naye.

"Sikiliza, shemeji. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, yakabaki kwenye udongo. Hatuyaoni kwa macho. Mtoto akichezea udongo, yanaingia kwenye kucha. Akila bila kunawa, anayameza. Mboga zisizooshwa vizuri nazo huyabeba. Tena kuna minyoo mingine hupenya kwenye nyayo za asiyevaa viatu. Dawa inaua minyoo iliyomo tumboni. Haizuii mingine kuingia."

Fundi alivua ufunguo. Machozi yalimlenga.

"Nimeitunza sakafu, nikamwacha mwanangu. Nisamehe, Kibonge wangu."

Alifungua kufuli. Kibonge akachungulia ndani, akarudi nyuma.

"Tundu kubwa, baba! Nitatumbukia."

Siku hiyohiyo fundi alimtengenezea kiti cha mbao chenye tundu dogo. Mkewe akatundika dumu la maji na sabuni karibu na mlango. Kila aliyetoka chooni alinawa. Kabla ya kula, wote walinawa tena. Kucha zikakatwa, viatu vikavaliwa, mboga zikaoshwa kwa maji safi.

Miezi ikapita. Siku moja fundi alirudi kutoka kazini, akasikia vishindo vya miguu midogo.

"Lete mwiko, baba!"

Kibonge huyo! Fundi alimnyanyua juu, akacheka hadi mkewe akatoka kutazama.

Mama mkwe naye alikuwa amekuja kuwatembelea. Baadaye alikwenda chooni, akasukuma mlango. Umefungwa kwa ndani.

"Mkwe wangu, kile choo cha wageni siku hizi vipi?"

"Panga foleni, mama," fundi alijibu. "Wenyewe wamekichukua."

Kutoka ndani sauti ya Kibonge ikaita, "Subiri, bibi! Nikitoka nanawa kwanza, ndipo nikusalimie!"